Hodi kwa Panya

Mtunza panya wa maabara yetu hafungui kizimba bila hodi. Anagonga kwa ukucha, anatulia, kisha anapenyeza bomba lisilo na sindano, lenye dawa iliyokorogwa na maziwa matamu ya kopo. Panya analamba mwenyewe. Jana mmoja, aliyetoka maabara nyingine wanakowashindilia panya mrija wa dawa kooni, alijikunyata pembeni.

"Mkamate tu, dada, tunachelewa," nikamhimiza.

"Mgeni hajikaribishi, kaka."

Akaendelea kulishikilia bomba palepale, asiushushe mkono. Hatimaye pua ikasogea, ulimi ukatoka.

Leo dada mwenyewe kichwa kinamuuma, amejiinamia mezani. Nikamletea vidonge na maji. Hakuinua hata jicho. Nikagonga meza kwa ukucha.

"Hodi, dada."

Akacheka chinichini. "Karibu. Maziwa yangu yako wapi?"