Chokaa ya Kumpokea Odilia

Kajetani wa Mpitimbi ni fundi mwashi, na kwa kazi yake hajagombana na mtu. Ugomvi aliurithi. Mwaka mmoja wa zamani jua lilipauka, mvua ikagoma, mahindi yakakauka yakiwa hayajafika goti. Wanakijiji wakaitisha kikao, wakaona mkosaji ni babu yake: amefunga mvua. Ushahidi haukuwepo, ndiyo maana kikao kiliisha mapema. Mzee akafukuzwa, akafia ugenini, Namasakata.

Mpaka leo mvua ikichelewa, kilabuni hakosekani mnywa komoni wa kupaza sauti: "Kajetani, fungulia bwana! Babu yako ufunguo kaacha wapi?" Watu hucheka mpaka wakamwaga pombe. Yeye huinuka akaenda zake.

Ndipo akaja Odilia, mwalimu wa chuo kutoka Mwanza, kutazama pango lililo mlimani nyuma ya shamba la Kajetani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu viazi."

Akila, Odilia alieleza kwamba volkano ikilipuka, hata ng'ambo ya bahari, moshi wake hupanda ukalifunika jua, mvua zikavurugika hadi huku. Na pango huweka kumbukumbu: maji yanayodondoka huacha jiwe, tabaka juu ya tabaka, na miaka ya ukame hujulikana humo.

"Kwa hiyo mwaka wa babu umo?"

"Huenda umo. Nitarudi na vifaa baada ya Pasaka."

"Mama Dionis, umesikia? Ni volkano!"

"Nimesikia," alisema Walburga, mkewe. "Kula kwanza, Baba Dionis."

Sasa, kwetu mgeni mzito hapokelewi na mawe meusi. Akija mkubwa, hata kama anazindua choo, kila jiwe la njiani hupakwa chokaa na miti ikavalishwa soksi nyeupe. Itakuwaje kwa anayekuja kumsafisha babu? Na mwashi gani anayejiheshimu atanunua chokaa dukani, wakati mlima wake mwenyewe una mawe ya kuchoma?

Katikati ya pango, chini ya matone, palikuwa na kisiki cha jiwe kinachofika kiunoni. Kajetani aliamini mgeni atasoma kuta. Kisiki kile kingemgonga goti tu. Akakivunja kwa nyundo, akakichoma kwenye tanuri, akapaka njia yote mpaka mlangoni mwa pango. Ikang'aa kama meno ya mgombea ubunge.

Odilia aliporudi alipanda akicheka. "Baba, umenipokea kama waziri!"

Ndani ya pango kicheko kikamkauka. "Lile jiwe lililosimama hapa liko wapi?"

"Lingekuumiza, mwanangu."

"Liko wapi, baba?"

Kajetani akanyoosha kidole nje, kule kwenye weupe. Odilia akakaa chini. Mawe mengine yalikuwa machanga, hayafiki enzi za babu. Baadaye akamshika mzee mkono: "Pengine lisingesema lolote."

Maneno hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi, kwa sababu pengine lingesema.

Mwaka huo mvua ilichelewa. "Kajetani, fungulia!" wakaimba kilabuni. Safari hii hakuinuka. Alijitazama kucha, zilizokuwa bado na ukoko mweupe, akanywa.

Mvua ilipokuja, iliosha njia yote. Maji meupe yakateremka yakipita mbele ya mlango wake, naye akasimama humo peku.

"Ingia ndani, utalowa!" Walburga aliita.

"Acha kidogo, mama," alisema. "Babu anapita."