Ko-ko ya Fundi Cherehani

Fundi cherehani aliingia na bintiye kwa mwanasaikolojia wa watoto roho mkononi. Mwalimu mkuu alishakata shauri: mtaalamu akisema mtoto ana shida ya umakini, atasaidiwa, akisema hana, basi ni mkaidi tu, atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine iko wapi, jamani? Mbili zilishamtimua.

Binti mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Kiguu-na-Njia, alishaanza kuchungulia chini ya meza.

"Mama, kaa nyuma yake, na tafadhali usiseme neno," mwanasaikolojia alisema.

Neno hakusema. Lakini kibandani kwake, mwanagenzi akizubaa, fundi hugonga meza ya cherehani, ko-ko, na akili ikarudi kwenye mshono. Nyumbani vivyo hivyo. Basi Kiguu-na-Njia alipoacha kupanga shanga kwa rangi akaikodolea feni, kidole cha mama kikagonga benchi. Ko-ko. Mtoto akarudi. Akapotea tena, ko-ko. Mama kichwa kikamvimba: leo mwanangu hajanitia aibu! Loo, kumbe anajichimbia kaburi.

"Amezipanga zote," mwanasaikolojia alisema akifunika kalamu. "Kwa kweli sioni tatizo la umakini."

Fundi akajishika kichwa. Neno la kumfukuzisha mtoto shule, na aliyelisababisha ni yeye!

"Si yeye, daktari," alisema. "Ni mimi. Nilikuwa namgongea benchi."

"Nilisikia, nikadhani ni wasiwasi wa mzazi. Haya, turudie. Mikono pajani."

Ushanga wa tatu tu, mtoto akahamia dirishani, asirudi. Fundi aling'ata mdomo, machozi yakimlenga. Alitaka mtoto ashindwe ili abaki shule, na bado kumwona akishindwa kulimuuma vibaya.

"Sasa nimeona," mwanasaikolojia alisema. "Nitazungumza na mwalimu mkuu leo hii. Atabaki, na tutamsaidia."

Fundi akashusha pumzi. Mwanasaikolojia akamwinamia mtoto. "Hebu niambie, mama akigonga, wewe unajisikiaje?"

Kiguu-na-Njia alitulia tuli.

"Naogopa," alisema. "Halafu nafanya haraka haraka, asigonge tena."

Fundi akakikunja kidole chake kiganjani. Miaka yote hiyo alijua anamsaidia.

"Sitakugongea tena, mwanangu," alisema.

Mtoto hakumsikia. Alikuwa ameshaona mjusi ukutani.