Mgema wa Kiangazi

Wakati wa Mwingereza nilifanya kazi katika nyumba ya wazee ya misheni moja nje ya Njombe. Kabla ya hapo nilikuwa Makambako, nikiwauzia abiria wa malori maharage ya Mlangali, na nilijua kukataa bei kwa namna ambayo mteja aliondoka kwa hasira akarudi mwenyewe. Kumfunga mzee wa watu kitandani sikuwa nimejifunza. Na Sista, msimamizi wetu, alikuwa ameshasema: yule mgema akitoka tena na kisu, atafungwa kwa shuka, na wa kumfunga ni mimi.

Mzee huyo alikuwa amegema ulanzi, ile pombe ya mianzi, tangu ujana wake mpaka akili ilipoanza kumtoka. Alikuwa akimaliza uji, kisha analalamika kwamba amenyimwa uji. Mimi aliniita shemeji, halafu karani, halafu mbwa. Lakini saa za kugema zilipofika, asubuhi na jioni, miguu yake haikusahau. Nyuma ya jiko palikuwa na kichaka cha mianzi, na huko alikwenda hata kiangazi, wakati mianzi haitoi tone.

Asubuhi moja ya baridi kali niliwahesabu wazee mara mbili, kama nilivyozoea kuhesabu magunia. Mara zote mbili alipungua yeye. Jikoni kisu cha nyama hakikuwapo. Kanisani walikuwa kwenye wimbo wa mwisho. Wimbo ukiisha, Sista anatoka.

Nilimkuta kwenye mianzi, pekupeku juu ya umande, kisu mkononi. Alikuwa ameshatundika mbeta, kile kipande cha mwanzi cha kukingia ulanzi.

"Kamwene, babu."

"Kumbe ni wewe unayeninywea ulanzi wangu!" Kisu kikaelekea tumboni kwangu.

"Mimi mnunuzi, babu."

"Mnunuzi gani hana chombo? Utakinga kwa kofia?"

"Nakunywa hapa hapa."

Kisu hakikushuka. Nikamwomba anipe nikamnolee. Akacheka. "Mgema hampi mnunuzi kisu. Akikishika leo, kesho hanunui tena, anagema mwenyewe."

Mtu mwenye hoja kama hiyo ningemkwepa hata sokoni.

Wimbo ukanyamaza. Nikasikia mlango wa kanisa ukifunguliwa, na nikashika neno la kwanza lililonijia.

"Babu, tangu lini mgeni akanywa kabla mwenye pombe hajaonja? Au umetia kitu?"

Lilimuuma. Kwao hilo halina mjadala: mwenye pombe huonja kwanza, mgeni aone kwamba hakuna sumu. Na mbeta iliyojaa hushikwa kwa mikono miwili. Akanipa kisu kama mtu anavyompa jirani mtoto amshikie, akaitungua mbeta, akaiinamisha kinywani.

Akaiinamisha zaidi. Kisha akanitazama, na safari hii sikuwa shemeji wala karani.

"Hamna kitu humu. Na wewe ulijua."

Kule Makambako ningejipongeza kwa ushindi kama ule. Pale sikujua pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye miguu yake, iliyokuwa imeanza kugeuka rangi kwa baridi.

"Ametoka na kisu?" Sista alikuwa ameshafika nyuma yangu.

"Kisu ninacho mimi, Sista. Nimemleta mwenyewe."

"Bila viatu?"

Nikakihamishia kisu mkono wa pili.

"Na utamleta kila siku?" akauliza.

"Kila asubuhi, Sista."

"Na jioni," mzee akasema. Akaninyooshea kiganja. "Kisu changu."

Sista alinitazama mimi, hakumtazama yeye. Nikikataa, nimemwibia mbele ya shahidi. Nikimpa na akageuka vibaya, yeye anakwenda kufungwa shuka, na mimi pengine nakwenda kuvikwa sanda. Niliipima mizani hiyo, nikaipima tena. Nikampa, mpini mbele.

Akatugeuzia mgongo. Akakata ncha ya mwanzi mchanga, ukanda mwembamba kama ganda la kitunguu, akapuliza, akaitundika mbeta chini yake na kuinyoosha isiegemee upande. Alipomaliza, alinipita mimi akamkabidhi Sista kisu.

"Kifute, mwanangu, kabla hujakatia nyama."

Sista akakifuta kwa aproni yake nyeupe, pande zote mbili.

"Mtafutie viatu," akaniambia. "Kabla ya jioni."