Mama Prefe Anachagua Mashini

Watu wanasema minye niko na hasira. Wanaosema hivyo ni wale wanaoleta flashi tupu kwenye kibanda changu pale Kavimvira, wanataka niwajazie nyimbo bure, kisha wanauliza kama iko kiti. Minye si mtu wa hasira. Ninakumbuka tu, basi.

Ninauza na kutengeneza kompyuta, ambazo kwetu Uvira tunaziita mashini. Jina langu ni Toussaint Lubunga. Mtu mmoja tu ananiita Lubunga Toussaint, jina la ukoo mbele, kama kwenye daftari la shule, na akiniita hivyo miguu yangu inasimama kabla kichwa hakijaamua. Mtu huyo ni Mama Generose Ninahazwe, mzaliwa wa Bwegera, prefe wa Institut Tujenge, yaani mkuu wa shule niliyosomea. Tunamwita Mama Prefe. Ametawala pale miaka thelathini na moja, na hata mbuzi wa jirani wakipita karibu na madarasa hawalii.

Nitawaambia kwa nini ninakumbuka. Nilipokuwa mwaka wa tatu wa sekondari, kaka yangu alinitumia konsoli ya michezo kutoka Bujumbura. Nyumbani hatukuwa na umeme, shule ilikuwa nao. Basi nikaificha konsoli mu maktaba, nyuma ya kamusi ambazo hakuna aliyezifungua tangu zinunuliwe, na saa sita mchana tukawa tunacheza mpira kwenye televizyo ya shule. Siku ya nne Mama Prefe akafungua mlango. Hakupiga kelele, huyo hajulikani kwa kelele. Alichukua konsoli, akachukua na maneti, kile kidude cha kushika mkononi, akaniuliza vimetoka wapi. Nikasema ni vya kanisa. Akaniandikisha mara mia moja: Njia ya mwongo ni fupi. Konsoli akasema itakaa mu depo, stoo ya shule, mpaka nimalize masomo. Nilimaliza, nikaenda kuiomba. Akanijibu kwamba ufunguo wa depo umepotea. Tangu hapo nimeoa, nimezaa watoto wawili, na ufunguo bado unatafutwa.

Sasa, mwezi wa kwanza mwaka huu, saa nane za mchana, nani anaingia kibandani kwangu na mwavuli? Alisubiri mteja aliyekuwepo atoke, kisha akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe.

“Lubunga Toussaint.”

“Niko, Mama Prefe.” Nilikuwa nimesimama tayari.

“Ninataka mashini. Si ya kuandikia.” Akachungulia dirishani kwanza. “Ya kuchezea.”

“Ya mjukuu?”

“Ya mwalimu mmoja ninayemfahamu,” akasema. Akaona uso wangu, akaachana na huyo mwalimu. “Ni yangu. Niko na dola mia sita, mpunga wa Bwegera wa misimu miwili. Zamani nilicheza, nikaacha miaka mingi. Mwezi wa sita ninastaafu. Na weye unisikilize vizuri: mtu mmoja akijua, nimekwisha mu mji huu. Nimefukuza watoto wa watu kwa sababu ya michezo hii. Wazazi wao wananisalimia wakiinama. Nitapita wapi?”

Nilimwapia kwamba siri yake imeingia kaburini. Ndani kwa ndani nilifurahi, siwafichi. Mtu aliyekunyang'anya kitu akija kwako na siri mkononi, hata kama weye ni mkristu, unajisikia mrefu.

Urefu huo haukudumu. Alifungua bagi, akatoa daftari, akatoa kalamu nyekundu.

“Niandikie proforma,” akasema. “Mashini yote, kipande kwa kipande, na bei. Nitapita Ijumaa.”

Nikajisemea: huyu ameacha michezo miaka mingi, hajui kitu. Hata alikuwa ameniuliza shimo la CD liko wapi. Nilipomwambia siku hizi hakuna CD, mchezo mmoja ni giga mia na unanakiliwa kutoka kwenye disiki ya mwenzako, alinitazama kama siku ile niliposema konsoli ni ya kanisa. Basi nikamwandikia mashini ya ofisi iliyokuwa imenikalia tangu mwaka jana, nikaipaka maneno matamu. Ijumaa akaja, akaketi kwenye kiti changu, minye nikabaki wima.

“Karti ya picha iko na kazi gani? Eleza kwa maneno yako.”

“Ndiyo inayochora mchezo, Mama Prefe. Uwanja, wachezaji, majani. Bila karti nzuri, mchezaji anakimbia kwa kurukaruka.”

“Vizuri. Sasa nionyeshe karti hiyo kwenye proforma yako.”

Haikuwepo. Aliandika 4/20 kwa wino mwekundu, na chini yake: Arudie. Mke wangu Eliane aliiona ile karatasi nyumbani, akaicheka mpaka akaibandika ukutani.

Mara ya pili nikakaa chini kwa haki. Nilimchagulia mashini ya kusimama, si ya kubeba, kwa sababu kwa dola mia sita ile ya kubeba inakupa nguvu kidogo na joto jingi. Prosesa ya kati, si mpya sana. RAM giga kumi na sita. Disiki ya kasi. Karti ya picha iliyotumika mwaka mmoja, lakini nzima. Pesa nyingi niliitilia karti, na ili nisipite bajeti nikabana kwenye boksi la umeme, lile linalolisha mashini yote. Nikaongeza na feni zenye taa za rangi, maana vijana wote wanazipenda.

“Hizi taa ni za nini?”

“Ni urembo tu, Mama Prefe. Haziongezi kitu.”

“Asante kwa kusema ukweli. Alama moja.” Kisha kalamu ikashuka kwenye boksi la umeme. “Na hapa umeweka takataka. Lubunga, weye unaishi Uvira ao unaishi Ulaya? Umeme wetu unakuja kwa hasira na unaondoka kwa hasira. Mashini ya kwanza iliuawa hivyo hivyo. Punguza karti kidogo, ununue boksi zuri, na stabilizata ya kutuliza umeme ukutani. Kumi na moja.”

Alikuwa na haki, na hiyo ndiyo iliyonichoma. Nilikuwa nimeudhika mno hata sikujiuliza: mashini ya kwanza gani?

Mara ya tatu akanipa kumi na sita. Hajawahi kunipa kumi na sita, hata kwa dini. Alikuwa ameshatoa pesa na kuweka sahihi, anafungua mwavuli wake mlangoni, akageuka na kusema jambo dogo.

“Na maneti, chagua mpya. Isiwe na pembetatu inayoganda. Nilichoka kutumia ukucha.”

Akaondoka. Minye nikabaki nimeshika kalamu.

Niwaeleze. Maneti yangu, ile ya kaka, ilikuwa na kibonyezo cha pembetatu kilichoganda kwa sababu mpwa wangu alikimwagia fanta. Kilishuka hakirudi, mpaka ukiinue kwa ukucha wa kidole gumba. Uvira nzima, maneti ya ugonjwa huo ilikuwa moja. Kwa hiyo ufunguo wa depo haukupotea. Konsoli yangu haikuingia depo hata siku moja. Wakati minye nilikuwa ninaandika Njia ya mwongo ni fupi mara mia, mwenye kuniandikisha alikuwa nyumbani kwake Kimanga anafunga magoli kwa ukucha.

Siku tatu sikula vizuri. Eliane aliniambia nimwendee nimuulize. Nimuulize nani? Mama Prefe? Muongee taratibu, asitusikie.

Vipande vikafika kutoka ng'ambo, nikaiunga mashini, nikaijaribu, ikaenda kama maji. Nikaifunga mu karto ya karatasi ngumu, na Jumamosi asubuhi nikamwita Nizigiyimana, mwenye moto, yaani pikipiki, anayebeba mizigo yangu, aipeleke Kimanga wakati jirani wote wako sokoni. Yote yalipangwa vizuri. Kisha nikachukua kalamu nene niandike jina la mwenye mzigo.

Sasa niambieni, mungeandika nini? Generose? Mtu aliyenifundisha, nimwandike kavukavu kama mwuza samaki ndagala sokoni? Heshima ni heshima. Mkono wangu ukaandika kwa herufi kubwa: Mheshimiwa Mama Prefe Ninahazwe Generose, Institut Tujenge. Wengine wanasema nilifanya makusudi. Sikufanya makusudi. Ila sitaapa kwamba hasira haikushika ile kalamu pamoja na minye.

Nizigiyimana anajua kusoma. Aliona juu ya karto neno Institut Tujenge, akaachana na Kimanga, akapeleka mzigo shuleni. Na shuleni siku hiyo, minye sikujua, kulikuwa na mkutano wa wazazi.

Aliponipigia simu nilisikia vigelegele nyuma yake. “Bosi,” akasema, “hapa wananipa fanta na mandazi. Wanasema shule imepata mashini.”

Nilikimbia. Nilipofika, karto ilikuwa juu ya meza katikati ya uwanja, imetandikiwa kitenge. Papa Jean-Berchmans, mkubwa wa kamati ya wazazi, mtu ambaye hajawahi kufupisha neno, alikuwa anahutubia juu ya teknolojia. Alisema Mama Prefe amewatafutia watoto zawadi kimyakimya kabla ya kustaafu, na unyenyekevu huo utaandikwa. Mama Claudette, ambaye watoto wake watatu wanasoma pale, alikuwa anacheza akiizunguka meza. Mama Prefe alikuwa kwenye kiti, wima, na macho yake yalinikuta langoni.

Njia ilikuwa nyeupe. Angenyamaza tu, apokee makofi, jina lake lingepanda mpaka mbinguni, na mashini ingekwenda. Nikajisemea: sawasawa, leo na weye umeonja kunyang'anywa. Nilisikia utamu, kweli. Kisha nikaona mkono wake. Ulikuwa juu ya goti, na kidole gumba kilikuwa kinabonyeza, polepole, kinainua kwa ukucha, kinabonyeza tena. Hata hakujua kwamba anafanya hivyo.

Utamu ukaniisha. Sijui nini kilinisukuma, nikapita katikati ya wazazi mpaka kwenye meza.

“Samahani, Papa Jean-Berchmans,” nikasema. “Iko kosa. Hii mashini si ya shule. Ni ya... ni ya kanisa.”

“Lubunga Toussaint,” Mama Prefe akasema. “Kaa chini.”

Kiti hakikuwepo. Nilikaa kwenye mchanga. Mama Prefe alisimama, akakunja kitenge kwanza, akamrudishia mwenyewe.

“Njia ya mwongo ni fupi,” akasema. “Nimewaandikisha wengi wenu, na leo imefika kwangu. Mashini hii ni yangu. Nimeinunua kwa mpunga wangu, nicheze mpira.”

Papa Jean-Berchmans alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza likatoka neno moja tu: “Mpira?”

“Huyu aliyekaa mchangani nilimnyang'anya konsoli yake akiwa mtoto. Nilimwambia iko mu depo. Ilikuwa nyumbani kwangu. Nilitaka kuona ni kitu gani kinachowapumbaza watoto, nikaijaribu siku moja, nikaijaribu siku ya pili, na mwaka mzima ukapita mpaka umeme ulipoiunguza. Miaka thelathini na moja ninaambia watu wanyamaze. Mbele ya ile konsoli tu ndipo nilipiga kelele kwa furaha. Niliona haya kuirudisha imeungua, na niliona haya zaidi kusema kwa nini imeungua. Toussaint, unisamehe.”

Alisema Toussaint tu. Nilikosa pa kuweka macho mbele ya wazazi wote.

Wengine walisonya wakaondoka, nisiwadanganye. Papa Jean-Berchmans alisema jambo hili litajadiliwa. Lakini Mama Claudette alipumua, akajifuta jasho la kucheza, akauliza, “Sasa, Mama Prefe, unafunga ao unafungwa?” Uwanja mzima ukaangua kicheko.

“Ninafunga,” Mama Prefe akajibu, bila kucheka.

Kisha aliingia ofisini, akatoka na daftari kubwa la vitu vilivyonyang'anywa na mfuko wa plastiki. Mu mfuko kulikuwa na maneti yangu. Mu daftari nilikuta mstari wangu: Lubunga Toussaint, konsoli moja, maneti moja. Pa kuandika vimerudishwa palikuwa peupe miaka kumi na minane.

“Maneti imerudi. Konsoli nitailipa kwa njia nyingine,” akasema. “Weka sahihi.” Nikaweka.

Kulipa kwenyewe kulikuwa kunialika tucheze pamoja, Jumapili, baada ya misa, nyumbani kwake Kimanga. Mlango aliuacha wazi. Nilikuwa nimetafuta kiungo cha kuchomeka maneti ya zamani kwenye mashini mpya, maana nilitaka kumfunga na mali yangu mwenyewe. Miaka yote hiyo nilikuwa ninauza michezo, siichezi. Dakika ya kumi nikabaki peke yangu mbele ya goli lake, nikabonyeza pembetatu, ikaganda.

“Tumia ukucha, Toussaint,” akasema, na wakati ninautafuta ukucha alininyang'anya mpira, akaukimbiza uwanja mzima, akafunga.

Akapiga kelele. Jirani wawili walifika mlangoni wakidhani kuna msiba. Niliweka maneti chini nimngoje amalize, na alichukua muda.