Ukurasa wa Arobaini na Moja

Watu wa chapani, kiwanda cha kuchapa vitabu, walimwita Bi Kurasa, na jina lilimkaa kama gauni lililopimwa na fundi. Kwa miaka minane alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile ndefu, akikusanya karatasi zilizokunjwa, akizipanga kwa mfuatano, akizigonga kingo zikae sawa, kisha akizipeleka kwenye mashine ya kupiga pini. Vidole vyake vilitambua kitabu kilichopungua kurasa kwa kukishika tu. Lakini kusoma, hakusoma. "Nikianza kusoma," alikuwa akiwaambia, "hivi vitabu mtavipata mwaka kesho."

Wiki ile mezani kulikuwa na kitabu cha watoto kuhusu majanga. Picha zilijaa rangi: mafuriko yamebeba paa, ardhi imepasuka, mlima unatema moto, meli inazama, ghala la mafuta linalipuka. Msimamizi wa karakana, mtu mnene wa mzaha mwingi, alikipekua akatikisa kichwa. "Jamani, mtoto akisoma hiki si atalala mvunguni?" Wakacheka, kazi ikaendelea.

Kila kazi ilikuwa na karatasi zake zilizoharibika, zilizopauka wino au kuchapwa mshazari, na wafanyakazi waliruhusiwa kuzichukua. Bi Kurasa alizitumia kufunika madaftari ya binti aliyemlea, mtoto wa marehemu mdogo wake. Jumatano jioni walikaa mezani nyumbani, yeye ameshika mkasi, mtoto ameshika gundi. Binti alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alikuwa na ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa, hata pakiti ya sabuni.

"Mama mkubwa."

"Naam."

"Kiwanda cha magodoro kilichoungua, si ndicho alichofia mama?"

Mkasi ukasimama katikati ya karatasi. "Umeyatoa wapi hayo?"

"Yameandikwa hapa." Mtoto aligeuza karatasi, akasoma kwa sauti ya darasani: "'Moto ulipozuka katika kiwanda cha magodoro, wafanyakazi walishikwa na kiwewe. Walikimbia ovyo, wakasahau kutumia mlango wa dharura. Watu kumi na tisa walikufa. Je, wewe ungefanya nini? Kumbuka: tulia, tafuta mlango, toka nje.'"

Akainua macho. Hakuwa akilia. Alitaka kujua tu, kama anavyotaka kujua mambo mengine yote.

"Kwa nini mama alisahau mlango?"

Masikio ya Bi Kurasa yaliziba kama ya mtu aliyetumbukia majini. Alisema, "Maliza kubandika." Akainuka, akaenda jikoni, akafungua bomba, na akasimama akitazama maji yanavyomwagika pasipo chombo chochote chini yake.

Kurasa zile alikuwa amezikusanya yeye. Tangu Jumatatu. Nakala elfu mbili na ushei, akizigonga kingo kwa viganja vyake mwenyewe zikae sawa, ili watoto wa watu wakasome kwamba mdogo wake alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, alimfuata msimamizi akamwekea ile karatasi mbele.

"Kazi hii siifanyi."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Ukurasa wa arobaini na moja ni uongo."

Msimamizi alicheka, kwa kuwa alidhani zamu ya mzaha imehamia kwa mwingine. Alipomwona hacheki, akasema taratibu, "Bi Kurasa, sisi tunachapa. Ukweli na uongo ni wa mwenye kitabu."

"Basi niitie mwenye kitabu."

Hakukuwa na haja ya kumwita, maana siku hiyo alikuwa anakuja kuona nakala za kwanza. Alikuwa mwalimu mstaafu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba, na alizishika nakala zake kama mtu aliyepewa mjukuu ampakate. Alikuja hadi kwenye meza ndefu akiwa amekwisha kutoa kalamu.

"Nimeambiwa kuna kosa. Ni herufi?"

"Si herufi, mwalimu. Hapa umeandika walisahau mlango. Hawakusahau. Mlango ulifungwa kwa kufuli, kwa nje."

"Dada yangu, mimi sikutunga. Nilifuata magazeti ya wakati ule, na maelezo ya kiwanda chenyewe."

"Maelezo aliyatoa nani?"

"Meneja."

"Meneja ndiye aliyekuwa na ufunguo."

Mwalimu alivaa miwani yake, akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Wewe umejuaje?"

"Nilikuwa ndani."

Pale chapani hakuna aliyewahi kulisikia hilo. Kijana wa mashine ya kukunja aliizima bila kuambiwa. Bi Kurasa akasema akiwa amesimama, mikono juu ya meza, kwa sauti ile ile aliyotumia kuagiza pini. Alisema mlango wa nyuma ulifungwa kila asubuhi wakishaingia, kwa kuwa wakubwa walihofia sponji itaibwa. Alisema moshi wa sponji ni mweusi na una uzito, unamkaa mtu kooni kama kitambaa.

"Na hatukukimbia ovyo. Tulikwenda mlangoni moja kwa moja, sote, kama ulivyoandika humu. Tulia, tafuta mlango. Tuliutafuta, mwalimu. Tukaupata. Na ndipo wenzangu walipokutwa, wamelaliana hapo hapo."

Mwalimu alikaa juu ya bunda la karatasi kama aliyesukumwa. "Na hakuna aliyekuja kukuuliza?"

"Nilikuwa hospitali miezi mitatu. Nilipotoka, kila mtu alikuwa ameshajua kilichotokea."

Mwalimu alifungua daftari lake. "Huo mlango. Ulikuwa wa namna gani?"

"Wa chuma. Mpana. Kama huu wa kwe..."

Alikuwa amegeuka kuonyesha mlango wa nyuma wa chapa. Mkono wake ukabaki hewani.

Mabunda ya karatasi yalikuwa yamepangwa mbele ya ule mlango hadi kimo cha kifua. Nyuma yake komeo lilifungwa kwa waya uliozungushwa mara nyingi, waya wenyewe umeshika kutu. Juu, chini ya vumbi, maandishi mekundu yalisema: TOKEA HAPA. Na kwa mbele kabisa kulikuwa na maboksi manne ya kitabu cha majanga. Aliyaweka yeye, Jumanne, akayasukuma kwa goti yakae vizuri.

"Mungu wangu," alisema. "Ni mimi."

Msimamizi alitazama mlango, akamtazama Bi Kurasa, akautazama mlango tena. "Tuliweka kwa muda tu," alisema. "Mvua za mwaka juzi, paa lile la stoo..." Hakumaliza. Alikwenda akabeba bunda la kwanza mwenyewe. Hakuna aliyetoa amri. Wote walijikuta wanabeba. Waya ulikatwa kwa koleo. Mlango ulikuwa umevimba kwa kutu, wanaume watatu wakaupiga bega hadi ukalia na kufunguka, na jua likaingia hadi kwenye mashine ambazo halikuwahi kuzifikia.

Mwenye chapa alipofika aliguna kusikia kwamba karatasi nzima ya kurasa kumi na sita, ule wa arobaini na moja ukiwemo, inabidi ichapwe upya. Kisha akaona pale palipo wazi, akauliza pamefunguliwa lini, akaambiwa, na hakuguna tena.

Mwalimu na Bi Kurasa waliuandika ukurasa upya kwenye ile meza. Mambo ya kufuli hayakuwasumbua. Kilichomshinda mwalimu ni lile swali la watoto, wewe ungefanya nini. "Mtoto wa darasa la tano," alisema, "nimwambie nini mbele ya kufuli?"

"Usingoje mpaka moto uwake," alisema Bi Kurasa. "Mwambie aulize leo. Mlango huu unafunguka? Ufunguo anao nani?"

Yakaandikwa hivyo hivyo.

Jumamosi mchana Bi Kurasa alimkalisha mtoto kitandani, akamwambia yote. Kwamba yeye ndiye aliyemtafutia mama yake kazi ile. Kwamba walikuwa wote mlangoni, bega kwa bega, naye akakumbuka dirisha dogo la chooni.

"Nikamwambia twende. Akaniambia, 'Subiri, dada, mlinzi ameshakwenda kufuata ufunguo, wanafungua sasa hivi.' Nikaenda peke yangu. Nilidhani anakuja nyuma yangu."

Mtoto alikuwa ameshika ncha ya shuka, anaikunja na kuikunjua.

"Kwa hiyo hakusahau."

"Hakusahau."

"Na wewe mbona hukusema siku zote hizo?"

Kwa mwalimu alikuwa na jibu: kila mtu alikuwa ameshajua kilichotokea. Mbele ya mtoto jibu lile halikutosha. Alitazama mikono yake.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Kweli sijui."

Mtoto alisogea, akaegemea bega lake, na walikaa hivyo mpaka majirani wakaanza kuanua nguo.