Sahani ya Kaka Mselem

Kila nikikuona unarudi kutoka kliniki umeinamisha kichwa, mwanangu, nakumbuka siku tuliyopika pilau kumshukuru Mungu kwamba kaka yangu Mselem amepona.

Ilikuwa hapa hapa Bagamoyo, miaka michache baada ya Uhuru. Mselem alikuwa mpishi wa meli, mtu wa mzaha, na huko safarini ndiko alikojifunza kula afyuni. Akiikosa alitetemeka, akatapika, akalia kwamba mifupa inamuuma. Wazee wakasema ana jini. Akafungiwa chumba cha uani, akafukizwa ubani, akanyweshwa kombe, yale maandishi ya Kurani yaliyooshwa kwa maji ya waridi. Hatukujua kuwa ni maradhi, wala hapakuwa na dawa ya kumpa. Baada ya wiki kadhaa mtetemeko ukaisha, tukamfungulia.

Siku ya pilau wanaume tulizunguka masinia barazani. Yeye akawekewa sahani yake peke yake, karibu na mlango. Akamwambia baba taratibu, "Baba, mwili umetulia, lakini nafsi bado inaitaka."

"Nyamaza," baba akasema. "Wageni wanasikia."

Sahani ile hakuigusa. Jioni alikwenda Mlingotini kwa aliyekuwa akimuuzia, akala kiasi kile kile cha zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau, haukukiweza. Asubuhi waliniletea kaka yangu amefunikwa shuka.

Wote waliokula pilau ile wameshakufa. Nimebaki mimi na nyumba hii, na nikikaa kula peke yangu namwona yeye pale mlangoni. Inaniuma mpaka leo.

Sasa nasikia vijana wa maskani wanakucheka, eti umeacha unga ukashika methadoni, ulevi ule ule, nawe unataka kuiacha. Waache wacheke, hawakuwapo ulipokuwa unagaagaa sakafuni kwa arosto, yale maumivu ya kukosa unga. Dawa hiyo inatuliza mwili na ile hamu pia, ndiyo maana siku hizi unalala na kazini unakwenda. Kaka yangu aliitafuta dawa kama hiyo bila kujua jina lake. Inywe kila siku mbele ya muuguzi, hata ikichukua miaka. Ukitaka kupunguza, daktari ndiye akupunguzie, kidogo kidogo. Usiiache kwa aibu.

Mchana pita kwangu. Nimepika wali, na sinia ni moja tu, tutakula pamoja. Mungu akupe subira na umri mrefu, mwanangu, uje unizike wewe, nisikuzike mimi.