Jina la Mama Linasubiri Mtandao

Sina kipaji cha kutunga. Niliishia darasa la saba, na kuandika kwangu ni taratibu, neno moja moja. Kwa hiyo ukisoma haya ujue nisingekuwa na nguvu ya kuyabuni. Yalinipata mie mwenyewe, Kimara, saa tisa mchana, mvua ikinyesha.

Kazi ya kompyuta nilijifunza kwa simu, kwa kuangalia video za watu. Chama chetu cha kuzikana kinatumia programu niliyoitengeneza mimi. Makatibu wa matawi huandika habari za wanachama kwenye simu za chama hata kama hakuna mtandao. Mtandao ukirudi, simu zinapelekeana zilichoandika. Jina likigeuzwa kuwa "amefariki", simu zote zinalia, na kina mama wanabeba masufuria kwenda msibani bila kuuliza mara mbili. Hatujawahi kumlilia mtu aliye hai.

Siku hiyo nilikuwa namalizia kitu kipya: programu ifunguke pia kwenye brauza ya kompyuta, ili katibu aliyepoteza simu aingie kwa namba yake popote alipo. Sehemu ngumu ni ile ya kutunza maandishi bila mtandao, maana brauza haitunzi vitu kama simu. Nilihangaika wiki tatu. Hatimaye ikakubali. Muda huohuo mvua ikakata mtandao, na mama mmoja akaingia.

Ofisi yetu ni chumba kimoja chembamba, na mimi hukaa nyuma ya meza, upande wa ukutani. Yule mama akavuta kiti, akakaa upande wa mlango, akaigeuza kompyuta imwelekee yeye.

"Shikamoo," nikamwambia.

Hakuitikia. Nikadhani ni kelele za mvua kwenye bati, nikarudia. Kimya. Utaniuliza kwa nini sikutoka. Ningepitaje? Ingebidi nimwombe mtu mzima, ambaye hajapokea salamu yangu, asimame anipishe. Mie siwezi. Hata leo siwezi.

"Wewe ndiye uliyefungua njia mpya?" akauliza.

"Ndiyo, mama. Bado naijaribu."

"Tujaribu wote. Huko niliko mtandao haufiki."

Akaingiza namba yake. Likatokea jina la Bi Zuhura, katibu wa tawi la Bunju, mwenye simu namba tatu. Sikuwahi kuonana naye, ila nilishusha pumzi. Simu yake ilikuwa haijaleta kitu kwa miezi minane, lakini kwenye orodha yeye alikuwa hai, na orodha niliiamini. Ni kazi ya mikono yangu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kulifungua jina lake mwenyewe na kuliandika "amefariki".

Nilitaka kumwambia amekosea. Nikaona aibu. Akaendelea na jina la pili, la tatu, mpaka la tano. Kucha zake zilikuwa na udongo mwekundu.

"Chama cha kuzikana," akasema, "halafu mnamzika mtu mnasahau kumwandika. Nyie vijana mnatengeneza nini?"

"Mama, wa kuandika Bunju ni wewe," nikasema kwa sauti ndogo.

"Ndiyo maana nimekuja."

Jina la sita lilikuwa la mama yangu. Tuliwahi kuishi Bunju, na huko ndiko alikojiandikisha.

"Huyo yupo," nikasema. "Ni mama yangu. Asubuhi kanipikia chapati."

"Mie naandika tu. Sijawahi kukosea jina."

Nikanyoosha mkono juu ya meza, nikaandika "hai". Likarudi "amefariki". Nikaandika tena, likarudi tena. Kanuni hiyo niliiweka mwenyewe: anayeandika mwisho ndiye anayeaminiwa. Naye alikuwa ameandika kwa tarehe ambayo sisi bado hatujaifikia.

Hapo taa ya modemu ikaanza kuwaka kijani. Mtandao unarudi. Nikauchomoa waya wake ukutani kwa mikono yote miwili.

Bi Zuhura akasimama. "Basi litasubiri," akasema. "Mie nimezoea kusubiri." Akatoka, akaingia mvuani bila mwavuli.

Jioni nilimpigia mwenyekiti nikamwuliza habari za katibu wa Bunju.

"Bi Zuhura? Tulimzika miezi minane iliyopita," akasema. "Na simu ya chama hatukuiona tena. Nakumbuka tukiwa tunafukia kaburi, simu ikalia, kila mtu akashika mfuko wake. Tulicheka kidogo, Mungu atusamehe."

Nikamsomea majina yale mengine manne. Wote walikwishazikwa.

Kompyuta ile iko chumbani kwangu sasa. Nimelifuta jina la mama mara nyingi, ila nikifungua nalikuta kwenye foleni, linasubiri mtandao. Kuichoma naogopa. Nani ataniambia kwamba moto si njia nyingine ya kutuma? Nilipata kazi Kinyerezi nikaikataa, maana jirani yetu hapa nyumbani ameweka mtandao wa bure, na sitaki mtu aiwashe nisipokuwepo. Mama ananiuliza kwa nini sitoki ndani. Anadhani ni aibu zangu zilezile.

Juzi nilifungua tena kuangalia. Chini ya jina la mama, mahali pa maelezo, palikuwa na neno ambalo sikuliandika mimi: "Marahaba."

Kama chama chenu kina orodha, mwandikeni kila mliyemzika, na katibu mwandikeni wa kwanza. Msimwachie aje kujiandika mwenyewe.